Kumtafuta Mnorwei aliyevuka Atlantiki kwa meli ya mvuke: mwongozo kamili

Kuanzia 1825 hadi miaka ya 1920, zaidi ya Wanorwei 800,000 waliihama nchi yao kwenda Amerika ya Kaskazini. Ukipima kwa idadi ya wananchi, ni Ireland tu katika Ulaya nzima iliyotoa watu wengi zaidi. Wa kwanza kusafiri kwa kundi walikuwa watu 52 waliotoka Stavanger Julai 1825 kwa merikebu ndogo ya matanga iitwayo Restauration. Walifika New York tarehe 9 Oktoba wakiwa 53, maana mtoto alizaliwa njiani. Miaka arobaini iliyofuata safari ilikuwa ya upepo na subira, mara nyingi wiki saba na zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 meli za mvuke zikashika njia, na kufikia katikati ya miaka ya 1870 matanga yalikuwa yameachwa karibu kabisa. Mwongozo huu unahusu kipindi hicho cha mvuke, kwa sababu ndicho chenye wasafiri wengi na ndicho chenye karatasi nyingi.

Unamfaa yeyote mwenye Mnorwei katika ukoo. Wapo Waswahili Minneapolis, Oslo na Bergen waliooa au kuolewa katika familia hizi, na watoto wao huuliza: babu wa babu alikuja na meli gani? Jibu lipo, lakini wengi hulikosa kwa kosa moja, nalo tunalitaja mapema: meli iliyoandikwa katika karatasi za Norwei kwa kawaida siyo meli iliyovuka Atlantiki. Mhamiaji alipanda meli mbili, akaandikwa katika orodha mbili, na kati yake kulikuwa na treni. Asiyelijua hilo hutafuta meli iitwayo Angelo katika orodha za New York hadi achoke, kumbe Angelo haikuwa ikienda New York. Kazi yake ilikuwa kuvuka Bahari ya Kaskazini na kurudi.

Ijue njia kabla ya kufungua daftari

Njia iliyotumiwa zaidi ilipita Uingereza. Mhamiaji alinunua tiketi moja kwa wakala katika mji wa bandari, na tiketi hiyo ilimfikisha hadi kituo cha reli ndani ya Marekani. Kutoka Kristiania (ndiyo Oslo ya leo), Kristiansand, Stavanger, Bergen, Ålesund, Kristiansund au Trondheim alipanda meli ya kampuni ya Wilson hadi Hull, mashariki mwa Uingereza. Angelo, Rollo, Romeo, Tasso na Eldorado ni majina utakayoyaona sana, na yote ni ya Wilson. Hull alipokewa, akaelekezwa stesheni ya Paragon, ambako shirika la reli lilijenga jengo maalumu la kusubiria wahamiaji mwaka 1871, kisha akapanda treni kuvuka nchi hadi Liverpool. Huko ndiko alikopanda meli kubwa ya kampuni mojawapo kati ya hizi: Allan, Cunard, White Star, Inman, Guion, National au Dominion. Wengine walipelekwa Glasgow kwa kampuni ya Anchor.

Njia ya pili ilikuwa ya moja kwa moja. Kampuni ya Thingvalla ya Copenhagen ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1880 kupitia Kristiania na Kristiansand hadi New York. Mwaka 1898 ilichukuliwa na kampuni kubwa ya Kidenmaki ya DFDS, ikaitwa Skandinavien-Amerika Linien, na baadaye ikaleta meli Oscar II, Hellig Olav na United States. Wanorwei wenyewe walijaribu mapema kutoka Bergen, 1871 hadi 1876, kwa meli kama Haakon Adelsten, Harald Haarfager na Kong Sverre, ila biashara haikudumu. Walipata kampuni yao ya kudumu walipoanzisha Den Norske Amerikalinje mwaka 1910. Kristianiafjord ilifanya safari ya kwanza Juni 1913, Bergensfjord ikafuata Septemba ya mwaka huohuo.

Kwa hiyo, ukiona Thingvalla, Oscar II au Bergensfjord, meli ni moja mwanzo hadi mwisho. Ukiona jina la meli ya Wilson, bado una meli ya pili ya kutafuta.

Hatua ya 1: Anzia alikofia, usianzie alikozaliwa

Kishawishi cha kuruka moja kwa moja hadi Norwei ni kikubwa. Kizuie. Wanaume walioitwa Ole Hansen walikuwa maelfu, na jina peke yake halitakufikisha popote. Kabla ya kugusa karatasi yoyote ya Norwei hakikisha una vitu vitatu: tarehe kamili ya kuzaliwa (siku, mwezi, mwaka), majina ya wazazi wote wawili, na usharika au shamba alikotoka. Ukipata viwili kati ya hivyo unaweza kuendelea kwa tahadhari. Ukiwa na kimoja tu, rudi ukachimbe zaidi.

Chimbo bora kuliko yote Marekani ni vitabu vya sharika za Kilutheri. Msomaji wa KKKT atavitambua mara moja: ubatizo, kipaimara, ndoa, mazishi, walioingia na waliohama, vyote katika safu zake. Mchungaji wa Wisconsin au Minnesota alikuwa akiandika kwa Kinorwei, na alipofika kwenye mahali pa kuzaliwa hakuridhika na neno "Norwei" kama karani wa serikali. Aliandika usharika wenyewe: Ringsaker, Voss, Gol, Sogndal. Tatizo ni kwamba Walutheri wa Kinorwei walikuwa wamegawanyika katika sinodi kadhaa hadi muungano mkubwa wa 1917, na katika kijiji kimoja kungeweza kuwa na makanisa mawili au matatu ya Wanorwei, kila moja na kitabu chake. Usipomkuta katika la kwanza, ulizia la pili ng'ambo ya barabara. Nakala nyingi za vitabu hivyo zinapatikana kupitia hifadhi ya ELCA, kanisa la Kilutheri la Marekani, na kituo cha nasaba cha Wanorwei wa Marekani kilichoko Madison, Wisconsin, kina mkusanyiko mkubwa.

Baada ya kanisa, pita haraka haya:

- Sensa ya Marekani ya 1900. Inatoa mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia nchini, na kama mtu ameshakuwa raia. Mwaka wa kuingia uchukulie kuwa ni makadirio. Mtu alikuwa akikumbuka jambo la miaka ishirini nyuma. Sensa ya 1890 usiitafute, karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921.
- Uraia. Aliyeomba uraia baada ya 27 Septemba 1906 alijaza fomu za serikali kuu zinazotaja jina la meli na tarehe ya kufika. Fomu za kabla ya hapo zilitofautiana mahakama kwa mahakama, nyingi zikiwa na jina na nchi tu.
- Ardhi. Chini ya sheria ya 1862, mkulima alipewa hadi ekari 160 akiishi na kuzilima miaka mitano. Mgeni alitakiwa kuonyesha karatasi za uraia, kwa hiyo jalada la shamba lake mara nyingi huwa na nakala yake.
- Taarifa za kifo na tanzia, hasa katika magazeti ya Kinorwei kama Decorah-Posten la Iowa au Skandinaven la Chicago.

Kama familia bado ina sanduku la safari, lile kasha la mbao lenye vyuma pembeni, lisome polepole. Mbele yake huwa pamepakwa rangi jina la mwenyewe, na wakati mwingine mji aliokuwa akienda. Ila chunga tarehe. Makasha mengi yalikuwa ya mahari, ya bibi au mama wa bibi, yakatolewa darini kwa ajili ya safari. Namba 1798 iliyozungushiwa maua ni ya harusi ya mtu mwingine kabisa. Maandishi ya safari kwa kawaida ni ya mkono mwingine, herufi zake nyoofu na hazina maua, yamepakwa juu au chini ya yale ya zamani.

Hatua ya 2: Fungua jina

Jina la Mnorwei wa kijijini lilikuwa na sehemu tatu, na kila moja ina kazi yake. Mfano wetu wa kubuni ni Anne Olsdatter Bakken. Anne ni jina la ubatizo. Olsdatter maana yake binti wa Ole. Kaka yake angeitwa Olsen. Bakken ni shamba wanakoishi, na hapo ndipo wengi wanapopotea: hilo lilikuwa jina la mahali, halikuwa jina la ukoo. Familia ikihamia shamba la Haugen, Anne anakuwa Anne Olsdatter Haugen, na hakuna aliyeona ajabu. Mwanamke akiolewa aliendelea kuwa binti wa Ole. Majina ya ukoo ya kurithi yalilazimishwa na sheria mwaka 1923, wakati wengi walikwishaondoka.

Akifika Marekani, Anne angeweza kuwa Anna Olson, Anna Bakken, au kuchukua jina la shamba kubwa la jirani. Ndugu wawili wa tumbo moja wangeweza kufa na majina tofauti. Kari aligeuka Carrie, Guri akawa Julia, Siri akawa Sarah. Masimulizi kwamba makarani wa Ellis Island waliwabadilishia watu majina hayana msingi. Makarani wale walikuwa wakihakiki orodha iliyoandikwa bandarini Ulaya na kampuni ya meli, na mabadiliko yalikuja baadaye, shuleni, kazini na kwa jirani asiyeweza kutamka.

Kwa hiyo andika orodha ya majina yote yanayowezekana kabla hujatafuta. Ongeza tofauti za tahajia: K na C (Kristian, Christian), aa na å (å ilichukua rasmi nafasi ya aa mwaka 1917), ø iliyogeuka o, æ iliyogeuka e. Na miji pia ina majina ya zamani. Christiania ilianza kuandikwa Kristiania kuanzia 1877, ikawa Oslo 1925. Trondhjem ndiyo Trondheim.

Hatua ya 3: Mkute nyumbani kabla hajaondoka

Sasa nenda Digitalarkivet, huduma ya mtandaoni ya Nyaraka za Taifa za Norwei. Ni bure na ina kurasa za Kiingereza. Anza na sensa, kwa sababu zimenakiliwa na zinatafutika kwa jina: 1801, 1865, 1875, 1900, 1910 na 1920. Ile ya 1885 ilihusu miji tu. Kwa wimbi kubwa la miaka ya 1880, ambalo lilifika kilele mwaka 1882 kwa zaidi ya watu 28,000 katika mwaka mmoja, sensa za 1865 na 1875 ndizo mkombozi wako.

Tafuta kwa jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa na wilaya, ukiacha jina la shamba wazi. Tumia alama ya nyota kufunika herufi usizozijua: Ol*d* itashika Olsdatter, Olsdtr na Olesdatter. Ukipata kaya inayofanana, linganisha wazazi na ndugu. Kuna desturi ya majina inayosaidia: mtoto wa kiume wa kwanza aliitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Haikufuatwa bila kukosa, lakini kama watoto waliozaliwa Marekani wanaitwa Ole, Kari na Torstein, na kaya uliyoipata Norwei ina babu Ole na bibi Kari, uko karibu.

Kisha hakikisha kwa kitabu cha kanisa chenyewe, kilichopigwa picha. Fungua ukurasa wa ubatizo wa tarehe uliyonayo. Mwandiko wa kabla ya mwishoni mwa karne ya 19 mara nyingi ni wa Kigothi, na e, n na r zinafanana kama mapacha. Njia ya kuuzoea ni kutafuta neno unalolijua tayari, kama jina la usharika au mwezi, na kujifunza herufi za karani huyo kutoka hapo. Miezi imefupishwa kwa namba za Kilatini: 7br ni Septemba (siyo Julai!), 8br Oktoba, 9br Novemba, Xbr Desemba. Kosa la 7br peke yake limewapeleka watu kwa mtoto wa jirani.

Mwisho, tafuta sura ya waliohama, yenye kichwa Udflyttede au Utflyttede. Mhamaji alitakiwa kuchukua cheti kwa mchungaji, kama ile barua ya uhamisho anayopewa Mkristo wetu akihama usharika. Mstari una jina, kazi, tarehe ya kuzaliwa na anakokwenda, mara nyingi "Amerika" basi. Tarehe iliyopo ni ya cheti. Mtu aliweza kuchukua cheti Machi akaondoka Mei, na wengine hawakuchukua kabisa.

Hatua ya 4: Daftari la polisi

Hapa ndipo penye utajiri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 polisi wa miji ya bandari walipewa jukumu la kukagua mkataba wa nauli wa kila mhamiaji ili mawakala wasiwadhulumu, na wakaandika kila mmoja katika daftari, emigrantprotokoll. La Kristiania linaanza 1867, la Trondheim 1867, la Bergen 1874. La Stavanger limebaki kuanzia 1903 tu. Ya kabla yake hayapo, na hilo ni pengo zito kwa wenye asili ya Rogaland, mkoa wenye mji wa Stavanger. Mengi yamenakiliwa ndani ya Digitalarkivet.

Mji wa kuondokea usiukisie kwa kutazama ramani peke yake. Watu wa mabonde ya mashariki walishuka Kristiania, wa pwani ya magharibi walipitia Bergen au Stavanger, lakini bei na ndugu waliotangulia vingeweza kumpeleka mtu bandari nyingine. Wapo pia waliopitia Göteborg, Copenhagen au Hamburg, na hao hawamo katika daftari lolote la Norwei.

Tazama mstari mmoja kwa karibu. Tuseme umepata huu, wa kubuni lakini wenye sura ya kweli:

*14 Mai 1880. Anne Olsdatter Bakken, Pige, 22, Ringsaker, La Crosse Wis., Angelo, Allan.*

Tarehe ni ya ukaguzi wa mkataba, siku ya kuondoka au siku chache kabla. Pige ni msichana asiyeolewa. Ungeweza pia kukuta Gaardbruger (mkulima mwenye shamba), Husmand (mpangaji wa kipande cha ardhi), Tjenestepige (mfanyakazi wa ndani), Ungkarl (kijana asiyeoa), Hustru (mke). Umri wa 22 usiuapie. Watoto chini ya miaka 12 walilipa nusu nauli, kwa hiyo mvulana wa miaka 13 alirudishwa 11 bila aibu. Ringsaker ni makazi yake ya mwisho, ambayo siyo lazima yawe alikozaliwa, hasa kwa mfanyakazi wa ndani. La Crosse ndiko tiketi ya reli ilikoishia. Huenda ndugu alimngojea pale na gari la farasi, wakaenda maili sitini zaidi. Angelo ni meli ya Bahari ya Kaskazini. Na neno la mwisho, Allan, lililo dogo kuliko yote, ndilo litakalokupa meli ya pili.

Baadhi ya madaftari yana safu ya fedha. Ukikuta neno prepaid au forudbetalt, nauli ililipwa Marekani na tiketi ikatumwa kwa posta. Usipite hapo bila kusimama: kuna ndugu, mchumba au jirani aliyetangulia, na huyo ana mstari wake katika daftari lilelile miaka michache nyuma. Kiasi kikiandikwa kwa Spd. ni spesidaler, fedha iliyotumika kabla Norwei haijahamia krone katikati ya miaka ya 1870. Spesidaler moja ilikuwa sawa na krone nne.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya siku

Sasa fanya hesabu kutoka tarehe ya daftari. Mashariki mwa Norwei hadi Hull ni kama siku mbili hadi tatu baharini. Treni hadi Liverpool ni ya siku hiyohiyo. Kusubiri Liverpool ni siku moja hadi nne. Atlantiki ni siku 9 hadi 14 kwa meli za miaka ya 1870 na 1880, na pungufu kadiri karne ilivyoisha. Weka dirisha la kutafutia kati ya siku ya 12 na ya 25 baada ya tarehe ya daftari. Kwa njia ya moja kwa moja ya Thingvalla tumia dirisha hilohilo, kwani meli zake hazikuwa na haraka.

14 Mei 1880 ilikuwa Ijumaa. Anne angekuwa Hull karibu Jumatatu tarehe 17, Liverpool jioni hiyo au usiku, na baharini tena katikati ya wiki. Tafuta kuanzia 26 Mei hadi 8 Juni. (Sensa ya Marekani ya mwaka ule ilihesabu watu waliokuwepo tarehe 1 Juni. Usimlaumu karani kama Anne hayumo.)

Lakini tafuta bandari gani? Usikimbilie New York. Meli za Allan zilikwenda Kanada: Quebec wakati wa kiangazi, na majira ya baridi, mto St. Lawrence ulipoganda, zilitia nanga Portland ya Maine, Halifax, Boston au Baltimore. Mwezi ni Mei, basi Anne anatafutwa Quebec, na kutoka pale anapanda reli hadi Chicago na kuendelea. Dominion nayo ilifuata njia hiyo. Kampuni ya American ilielekea Philadelphia. Cunard ilikuwa na meli za New York na za Boston. Inman, Guion, National na White Star, anza na New York.

Hatua ya 6: Orodha ya abiria

Orodha za Quebec kuanzia 1865 zimepigwa picha na zipo katika tovuti ya maktaba na nyaraka za taifa za Kanada. Za New York zipo katika hifadhi ya taifa ya Marekani na pia kwenye tovuti ya nasaba ya FamilySearch, bure. Usichanganye vituo: Castle Garden ilipokea wahamiaji kuanzia Agosti 1855 hadi Aprili 1890, kisha ofisi ndogo ya Barge Office, kisha Ellis Island kuanzia 1 Januari 1892. Ellis iliungua Juni 1897 na shughuli zikarudi Barge Office hadi Desemba 1900. Anayekuambia babu yake alipita Ellis Island mwaka 1882 amekosea kituo; huenda mwaka wake ni sahihi.

Usianze na jina. Anza na meli. Pata orodha ya meli za kampuni husika zilizofika ndani ya dirisha lako, kwa kawaida mbili au tatu, kisha soma kurasa za daraja la tatu mstari kwa mstari. Inachukua saa moja, nayo hushinda siku tatu za kubofya kisanduku cha kutafutia, kwa sababu faharasa ilitengenezwa na watu wasiojua Kinorwei. Bakken imesomwa Backer, Olsdatter imegeuka Oldaker. Wanorwei huwa wameandikwa kundi moja, maana walifika Liverpool kwa treni moja. Ukikuta majina matano yanayofanana na majirani zake wa Ringsaker katika daftari la polisi, kwa mpangilio uleule, umempata, hata kama yeye mwenyewe ameandikwa Ann Olson, 20. Ulinganifu wa kundi ni ushahidi wenye nguvu kuliko tahajia ya jina lolote.

Angalia pia safu ya nchi. Norwei ilikuwa chini ya mfalme mmoja na Sweden hadi 1905, na makarani waliandika "Sweden" kwa wote bila kufikiri.

Kiasi cha habari kinategemea mwaka. Kabla ya 1893 ni jina, umri, jinsia, kazi na nchi, basi. Kuanzia 1893 maswali yanaongezeka: nani alilipa nauli, ana fedha kiasi gani mfukoni, amewahi kuwa Marekani kabla, anakwenda kwa nani na anwani ipi. Kufikia 1907 kuna kurasa mbili zinazotazamana, zenye urefu wa mwili, rangi ya macho, mahali pa kuzaliwa, na jina la ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Fungua daima ukurasa wa pili. Faharasa nyingi hukuonyesha wa kushoto tu. Ukiona namba zilizoandikwa kwa mkono juu ya safu ya kazi, ziliongezwa miaka mingi baadaye wakati mtu huyo alipoomba uraia na karani akarudi kuhakiki. Zinathibitisha kuwa ndiye, na zinakuongoza kwenye jalada la uraia.

Kwa waliovuka kuanzia 1890, upande wa Uingereza nao una orodha za waliotoka bandari zake, katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London, fungu BT 27. Zitumie pale orodha ya Marekani inapokuwa imechakaa kiasi cha kutosomeka.

Na ukipata jina la meli, lipime kwa mwaka. Kulikuwa na Oceanic ya 1870 na nyingine ya 1899. Picha iliyotundikwa sebuleni mara nyingi ni ya meli isiyo yake.

Asipoonekana

Kwanza panua dirisha hadi siku 40 na ujaribu bandari zilizobaki; meli ziliharibika njiani, na wagonjwa walibakishwa Liverpool wakasubiri meli nyingine. Pili, mtafute kama aliyerudi. Wengi walivuka, wakarudi Norwei, wakavuka tena, na mwaka aliouambia sensa unaweza kuwa wa safari yoyote kati ya hizo. Sensa za Norwei za 1910 na 1920 ziliwauliza waliorudi kutoka Marekani maswali maalumu, kwa hiyo huenda yumo humo, nyumbani kwao, akiwa na dola zake. Tatu, kama alikuwa baharia, huenda alishuka melini New York na hakupanda tena. Hao hawamo katika orodha za abiria, bali katika orodha za mabaharia, kama zipo.

Na kama jina lake limo katika daftari la Kristiania au Kristiansand siku za mwisho za Juni 1904, na Marekani hana nyayo yoyote, soma orodha ya meli Norge kabla ya kuendelea. Iligonga mwamba karibu na Rockall, kisiwa kidogo cha mwamba katika Atlantiki, tarehe 28 Juni mwaka ule ikiwa njiani kwenda New York. Zaidi ya watu 600 walikufa, wakiwemo Wanorwei wengi, familia nzima nzima. Kwa aliyekuwa akirudi Ulaya Agosti 1888, angalia Geiser, iliyogongwa na meli mwenzake Thingvalla karibu na kisiwa cha Sable alfajiri ya tarehe 14 na kuzama na watu zaidi ya mia. Baada ya ajali kama hiyo, rudi kwenye kitabu cha kanisa cha usharika wake na ufungue sura ya waliokufa ya mwaka huo na unaofuata, na pia ukurasa wa ubatizo wake, ukitazama pembeni mwa mstari wa jina lake. Wapo wachungaji walioongeza neno hapo, kwa wino tofauti.